Mashavu ya Zaituni

Zaituni alipoteremka kwenye gari, mimi sikumuangalia uso, nilimuangalia miguu. Watu wote wa arusi wanamukimbilia, karibu shangazi, karibu dada, amahoro, na yeye amevaa viatu vya kung'aa vya kutoka Kigoma, na mimi Asha, bibi muzima mwenye wajukuu, nimeinama kwenye vumbi nimemushika muguu. Nikabonyeza na kidole gumba, pale mbele kwenye mfupa. Nyama ikarudi palepale. Akacheka mpaka kilemba kikamuteleza, akasema, "Wifi, bado tu?" Nikamwambia bado tu, na siku nikifa mukinizika karibu na njia nitanyoosha mukono nikubonyeze ukipita. Wale vijana wanaobeba viti wakasimama wanatuangalia. Mujukuu wangu mmoja akaniuliza hiyo ni salamu ya kabila gani. Nikamwambia kaa hapa, chambua muchele, nikuambie.

Ile mwaka mimi nilikuwa bi arusi, hata hina ilikuwa haijatoka vizuri kwenye kucha. Waliniweka kwenye chumba cha mwisho, kile kilichotazama mashini ya mawese ya baba mukwe. Mashini ni kusema tu. Ilikuwa chuma kimoja kikubwa kinachozungushwa na wanaume wawili, na pembeni mapipa juu ya moto, chikichi zinachemka toka asubuhi. Ukifungua dirisha, moshi unaingia. Ukifunga, harufu ya mawese inabaki ndani na wewe, kwenye shuka, kwenye nywele, mpaka maji ya kunywa yalikuwa na ladha yake. Mume wangu Ramazani alikuwa muvuvi wa ndagala, na ndagala zinavuliwa na taa, kwa hiyo yeye anaondoka jua likizama na anarudi watu wakiwa wanakunywa chai. Na kwetu hapa Rumonge, siku zile, bi arusi haachwi peke yake kwenye chumba. Anapewa mutoto wa nyumba alale naye. Mimi nilipewa Zaituni, mudogo wake Ramazani wa mwisho, alikuwa hajaanza hata kung'oka meno. Alikuja na kitenge chake cha kujifunika, akapanda kitandani, akaniuliza kama nakoroma. Nikasema sijui. Akasema, basi kesho nitakuambia.

Nilimupenda palepale. Alikuwa anasema mpaka usingizi unamukata katikati ya neno. Na alikuwa anajikuna. Watoto wote wa karitiye yetu, mutaa muzima, walikuwa wanajikuna, upele katikati ya vidole, kwenye viwiko, kwenye makalio, na wakijikuna sana unatoa usaha, unakuwa kidonda. Hakuna mutu aliyeshangaa. Upele ilikuwa kama kamasi, kitu cha watoto. Mama mukwe alikuwa anamupaka mafuta meusi ya mbegu za chikichi, vidonda vikakauka, vikaacha alama kama alama za moto wa sigara, tukasahau.

Halafu, siku nyingi kidogo zikiwa zimepita, Zaituni akaanza kunona. Asubuhi ananiangalia, naona mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo, amekuwa kama mandazi. Mama mukwe akamushika kidevu akamugeuza huku na huku, akasema huyu mukwe wangu mukono wake ni mutamu, angalieni mutoto alivyochukua mwili. Wanawake waliokuja kununua mawese wakasema mashaallah. Mimi, nitasema uongo? Nilifurahi mpaka nikaongeza ndagala kwenye chungu. Bi arusi mugeni anapimwa kwa chungu chake, na mimi chungu changu kilikuwa kimeshinda bila mimi kufanya kitu. Nikipita kuchota maji nasikia nyuma yangu: yule ndiye aliyemunonesha Zaituni. Nikawa natembea polepole ili nisikie mpaka mwisho.

Lakini mimi ndiye nilikuwa natupa chungu chake cha kukojolea kila asubuhi, na pia mimi ndiye nilikuwa napakua chakula. Nikaanza kujiuliza. Huyu mutoto anakula nini? Anachovya bugari, ugali wetu wa muhogo, mara mbili, anasukuma sahani, anasema tumbo limejaa. Ananona na nini, kama hali kitu? Na kile chungu, ambacho zamani kilikuwa kinajaa, sasa kiko na kidogo tu chini, na hicho kidogo rangi yake ni kama chai kavu iliyolala kwenye birika. Nikamuita dada mmoja anayetwanga chikichi, nikamuonyesha. Hakushtuka. Akasema hayo ni mawese. Akasema msimu wa chikichi watoto wa Rumonge wote wanakojoa mawese, hata yeye akiwa mudogo alikojoa, ngoja msimu uishe. Nikauliza na mwingine, akasema vilevile. Na kweli Zaituni alikuwa anashinda kwenye mapipa ananyonya chikichi, kinywa chote rangi ya machungwa. Neno lilikaa vizuri. Mutu angeliacha hapo.

Mimi sikuweza kuliacha. Nilikuwa na udadisi mubaya toka kuzaliwa, mama yangu alisema nilifungua macho nikimutafuta nani amenishika. Nikafikiri, kama chikichi zinatoka kwenye mukojo, basi na kwangu zitatoka. Nikachota bakuli, nikakaa nyuma ya nyumba, nikala chikichi siku nzima. Nilizinyonya mpaka meno yakauma, tumbo likawa linanguruma kama gari inayopanda mulima wa Bugarama. Kesho yake nikaenda kuangalia. Mukojo wangu ulikuwa uleule wa siku zote. Nikarudia tena, maana labda mutu mukubwa anahitaji nyingi. Uleule. Halafu nikachukua mawese kidogo, nikamwaga kwenye kopo la maji, yakakaa juu, yanang'aa. Kwenye chungu cha Zaituni hakuna kitu kilichokaa juu. Rangi iko ndani ya maji yenyewe. Wajukuu, musicheke. Leo kuna watu Bujumbura wanalipwa mushahara kufanya kazi hiyohiyo.

Sasa nilijua kitu, na sikujua nifanye nini nacho. Maana siku hiyohiyo, nikiwa naosha sufuria karibu na ua wa matete, nilimusikia jirani yetu Mama Sudi anasema na mutu upande wa pili. Mama Sudi alikuwa na mutoto mmoja tu, Sudi, na ulimi mrefu kupita njia ya Kigwena. Alisema polepole, lakini kwake polepole ni kama kupiga kelele kwa watu wengine. Alisema uso wa yule mutoto si kunona. Alisema yeye ameshaona uso kama ule, na ulikuwa wa sumu, na watu waangalie tu mutoto anakula mukono wa nani, na huyo mutu amekuja lini. Sikusikia jibu. Sufuria iliniponyoka.

Munaelewa nilipokuwa. Nikinyamaza, mimi ni bi arusi mwenye chungu kitamu. Nikisema mutoto anaumwa, basi ameumwa akiwa kitandani mwangu, amekula kwa mukono wangu, na Mama Sudi ameshatengeneza jibu. Kwetu bi arusi anarudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo. Asubuhi iliyofuata Zaituni aliamuka macho yamefunga kabisa, akaanza kupapasa ukuta akisema, wifi, washa taa. Na jua lilikuwa limeshaingia chumbani.

Nikachukua chungu cha mukojo mukono mmoja, mutoto mukono wa pili, nikaenda jikoni. Mama mukwe alikuwa anapepeta unga. Nikaweka chungu mbele yake, pale pa kupikia, kitu ambacho hakifanywi.

"Mama, huyu mutoto hakunona. Amejaa maji. Hakojoi."

Akaangalia chungu, akaangalia mutoto. "Wamesema ni chikichi."

"Si chikichi."

"Umejuaje?"

"Nimezila mimi, siku mbili. Zangu hazikutoka."

Akakigeuza chungu kwenye mwanga. Mimi moyoni nilikuwa ninafunga nguo zangu kwenye sanduku. Halafu akaweka ungo chini, akajipangusa unga, akasema, "Chukua kitenge changu kile kizuri. Tunaenda dispanseri."

Pale kulikuwa na foleni ya wanawake mpaka nje, na Mama Sudi alikuwa ameshawafikia kabla yetu, si yeye mwenyewe, neno lake. Mwanamuke mmoja akauliza, kama vile anauliza bei ya muhogo, huyu mutoto anapikiwa na nani siku hizi. Mama mukwe hakugeuza hata shingo. Akajibu kwa sauti ya kusikiwa mpaka kwenye mulango, "Anakula kwenye sahani yangu. Kama iko sumu, na mimi nimeila." Haikuwa kweli. Zaituni alikuwa anakula na mimi. Mpaka leo, nikisikia watu wanasema mabaya ya mama wakwe, mimi naondoka nakwenda kuangalia kama maji yamechemka.

Muganga alikuwa mama mufupi, tulimuita Madamu. Hakuuliza habari ya sumu. Alimuweka Zaituni juu ya meza, akambonyeza muguu na kidole gumba, akahesabu polepole, akatoa kidole. Shimo likabaki. Lilibaki pale kama umebonyeza bugari. Zaituni mwenyewe alifungua jicho kidogo, akaliangalia, akasema, "Tena." Madamu akamufunga kitambaa cha tansio, cha kupima presha ya damu, kwenye mukono, akakunja uso, akapima tena. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akageuza viganja vya mutoto, akamupanua vidole, akaangalia katikati. Akauliza kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili, "Hivi vidonda vilipona lini?"

Mama mukwe akasema hivyo ni upele tu, vimepona zamani, sisi tumekuja kwa ajili ya uso. Madamu akasema uso umetoka humo. Tukamuangalia kama mutu aliyesema mvua imetoka kwenye kiatu. Sasa sikiliza neno alilotuambia, maana nimekaa nalo maisha yangu yote. Alisema ndani ya upele uliotoa usaha kuna vijidudu, na mwili unapigana navyo, na unashinda, kidonda kinakauka. Lakini ile vita haiishi vizuri. Mabaki yake yanateremka na damu mpaka kwenye figo, figo zinakasirika, zinavimba. Akaniangalia mimi, akauliza nyumbani munafanya kazi gani. Nikasema mawese. Akauliza, chujio lenu likijaa nyuzi za chikichi, mafuta yanafanya nini? Nikasema hayapiti, yanarudi juu. Akasema ndiyo hayo yamerudi kwenye uso. Na ile rangi ni damu, inapita mahali ambapo chujio limechanika kidogo.

Nilitaka kuuliza vitu mia. Mbona mimi nilikuwa na upele utotoni na sikuvimba? Mbona kidonda kiko kwenye kidole na ugonjwa unakwenda kwenye figo, mugongoni? Akajibu kimoja: si kila mutoto, na hakuna anayejua mapema ni yupi. Akasema tena kwamba Zaituni si wa kwanza kutoka karitiye yetu. Wawili wameletwa kabla yake, na mmoja aliletwa mama yake akiwa ameshamuzungusha kwa waganga wa sumu, akaja anapumua kama samaki kwenye mutumbwi. Hakusema huyo aliishia wapi, na mama mukwe akashika mukono wangu. Halafu Madamu akamupiga Zaituni sindano, akatupatia dawa nyeupe ya upele, tupake watu wote wa nyumba, si yeye tu, na nguo zote za kulalia zichemshwe. Maji apewe kidogo. Na chumvi, akasema, hapana. Hata kidogo. Mpaka mukojo urudi.

Chumvi hapana! Mimi bi arusi! Ungeniambia nipike bila moto ingekuwa afadhali. Jaribu wewe ndagala bila chumvi, na mawese, na bugari ya muhogo. Ni kama kutafuna habari ya jana. Zaituni alionja, akafunga kinywa, akakataa. Nikamubembeleza, akakataa. Nikapika sombe, majani ya muhogo, nikakamulia ndimu, akakataa, akasema anataka chakula cha wengine. Mama mukwe alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kizingiti. Akaingia, akakaa chini, akavuta sahani ya mutoto, akala. Akasema leo hiki ndicho chakula cha wengine. Kutoka hapo kwetu kukawa na chungu kimoja, hakina chumvi, kwa kila mutu. Ramazani akirudi ziwani na njaa anaonja, ananiangalia, mimi naangalia dari. Baba mukwe ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Muzee alikuwa anapenda chumvi kuliko watoto. Siku ya kwanza alidhani nimesahau. Siku ya pili aliuliza hii adhabu ni ya kosa gani, na itaisha lini.

Na mama mukwe alikuwa anangoja ulizo hilo. Maana alikuwa ameshamuomba mapipa ya chikichi ili karitiye yote ichemshe nguo za kulalia, na muzee amekataa. Alisema ni katikati ya msimu, na mawese yakinuka sabuni wanunuzi wa Bujumbura watakimbia. Sasa akamujibu pole kabisa, akimumiminia maji ya kunawa, kwamba mutoto anaweza kupona kesho, lakini akirudi kukaa mukeka mmoja na watoto wenye upele atavimba tena, na chumvi itaondoka tena. Kwa hiyo chumvi iko ndani ya mapipa yake. Muzee alinawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja. Asubuhi mapipa yalikuwa yamebiringishwa mpaka kando ya ziwa.

Ile siku bado naiona. Moto kwenye mchanga, maji ya Tanganyika yanachemka ndani ya mapipa na juu yake duara za mafuta mekundu, wanawake wanakoroga vitenge na shuka na mikeka ya chuo cha Kurani kwa miti ya kukorogea chikichi. Watoto wamepakwa ile dawa nyeupe, inachoma, wanaruka kama panzi. Kila nyumba ilileta. Mama Sudi peke yake alisimama pembeni na mikono kiunoni. Alisema kwake hakuna upele, yeye si mutu wa kuchemsha shuka zake na uchafu wa wengine, na kama hatuamini tumuangalie Sudi, ngozi yake inang'aa. Mama mukwe akamuambia pole pole, dada, lete tu. Mama Sudi akajibu, peleka sumu yako kwingine. Shuka zetu, niwaambie, zilibaki na rangi ya machungwa miaka.

Siku hizi ninaifikiria sana siku hiyo, kwa sababu ya ziwa. Maji yamepanda, yamekula nyumba za chini, na watu wamekwenda kulala kwa ndugu, chumba kimoja watu wengi, wengine kwenye mahema. Nimekwenda kuwasalimu na nimeona watoto wanajikuna, na hakuna mutu anayeshangaa, kama sisi zamani. Tunasema malaria, tunasema kipindupindu, hayo tunayakimbilia. Upele tunauacha. Na nasikia wako watu wazima wanakwenda Bujumbura kuunganishwa kwenye mashini ya kusafisha damu, wanauza na shamba la michikichi ili walipe. Wengine figo zao zimeharibiwa na sukari au na tansio, wanasema. Mimi nikikutana na mmoja huwa nataka kumuuliza, mama, utotoni ulijikuna? Naogopa ataniona mwehu. Lakini nataka kujua, wallahi.

Haya, Zaituni. Ilikuwa asubuhi, nikanyanyua chungu na kilikuwa kizito. Nilidhani nimeshika cha mutu mwingine. Nikakipeleka mulangoni kwenye mwanga: kimejaa, na rangi imeanza kuwa ya mukojo. Nikamuita mama mukwe, yeye akamuita muzee, tukasimama watu wazima watatu, tunaangalia mukojo kama watu walioletewa mahari. Kutoka siku hiyo maji yakatoka, yakatoka, na uso ukashuka, macho yakafunguka, na ndani ya yale mashavu akabaki mutoto mwembamba sana, shingo kama ya bata. Tukawa tunampeleka kwa Madamu na chupa, mara kwa mara, mpaka siku aliyombonyeza muguu na shimo halikuonekana, akaangalia chupa, akasema figo zimetulia, murakoze, asante kwa kumuleta mapema, na kidonda kikitokea tena musingoje.

Tulikuwa tunarudi, sisi watatu, Zaituni anakimbia mbele na kubonyeza miguu ya kila mutu anayemukuta, mbuzi pia. Mama Sudi alikuwa amekaa karibu na njia na beseni la ndagala, na Sudi amelala mapajani. Akamuangalia Zaituni kutoka juu mpaka chini, akacheka kidogo, akasema bi arusi amemaliza kumunonesha sasa anamufungisha saumu. Akamunyanyua Sudi, akamugeuza uso tuone. Akasema mutoto anayelishwa anaonekana hivi.

Alikuwa amejaa kweli. Mashavu yanang'aa, macho madogo.

Zaituni ndiye aliyepiga magoti kwenye mchanga, akashika muguu wa Sudi, akabonyeza na kidole gumba na kuhesabu kama alivyohesabiwa. Akatoa kidole. Tukaangalia sote watatu, na Mama Sudi pia akaangalia, kicheko bado kiko kwenye kinywa. Lile shimo lilibaki.

"Anakojoa?" mama mukwe akauliza.

Mama Sudi akamuvuta Sudi kifuani. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu nifike Rumonge, "Wamesema ni chikichi."

Mama mukwe akainama, akamugeuzia mugongo. "Nipe mutoto, nimubebe. Wewe umechoka." Akamufunga Sudi mugongoni na kile kitenge chake kizuri, mimi nikabeba beseni la ndagala kichwani, Mama Sudi akashika tu pindo la kitenge, anatembea nyuma ya mutoto wake. Tukageuka, tukarudi njia ileile tuliyotoka. Zaituni alitutangulia mbio, kuwaambia watu kwenye foleni watupishe.